Kikohozi cha Wagonjwa Wangu

Aliyenifundisha uuguzi ni mbuzi. Nyinyi manesi wa leo mna vyeti vya kutundika ukutani, na mimi pia nilikuwa nacho, lakini cheti hakikuniambia nilichoambiwa na mbuzi mweupe wa Ayeeyo Habiba, nyuma ya hospitali kule Garissa, miaka ya tisini. Basi vuteni viti. Anayetaka kuangalia simu aiangalie sasa amalize, mimi nikianza sipendi kukatizwa.

Nilitoka kwetu Taita, msichana wa milimani niliyezoea ukungu na migomba, nikapelekwa mahali ambapo ukianika nguo ya pili, ya kwanza imeshakauka. Nikapangiwa kitengo ambacho wenzangu wote walikuwa wamekikwepa kwa visingizio: kifua kikuu. Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wasomali wafugaji, watu wa kuhamahama, na dawa zile zilimezwa kwa miezi. Sasa mtu anayefuata malisho utampaje dawa ya miezi? Leo yuko Modogashe, ukimtafuta tena yuko mpakani. Ndiyo maana kulikuwa na manyatta nyuma ya hospitali: vibanda vya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, vilevile wanavyojenga porini, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na ua wa miiba kuzunguka. Mgonjwa alihamia humo na sufuria zake. Alipika, alisali, alikunywa chai, na kila asubuhi nesi alikuja na sinia ya dawa. Mgonjwa alimeza nesi akimwangalia. Hakukuwa na habari ya kupewa ukamezee nyumbani.

Ayeeyo maana yake ni nyanya. Ayeeyo Habiba alitoka Tarbaj, mbali kabisa, ukishaipita Wajir. Wanawe walimleta Garissa makusudi ili majirani wasijue ana qaaxo, maana hilo jina la kifua kikuu lilikuwa aibu kubwa, lingeweza kuwakosesha wajukuu wachumba. Alikuwa mwembamba kama ufito, lakini ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote. Kila asubuhi alipokea dawa zake kwa heshima, akanywa maji, akasema "Alhamdulillahi," akanipungia mkono niende zangu. Nami nilienda zangu nikijisifu. Wiki zikapita, tukipima makohozi yake, wadudu wamejaa vilevile. Nikachanganyikiwa. Ndipo siku moja nikamkuta mbuzi wake kando ya ua, amechutama anakojoa, na mkojo una rangi ya soda ya machungwa.

Nyinyi mnajua. Ile kapsuli nyekundu hugeuza mkojo. Mgonjwa asiyekojoa rangi ile hakumeza, na mbuzi anayekojoa rangi ile, basi, amelishwa kapsuli ndani ya kipande cha anjera, ule mkate wao laini.

"Ayeeyo," nikamwambia, "mbuzi wako ana kifua kikuu?"

Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Hana, mashallah," akasema. "Na hatabata."

Kiswahili chao kule p huwa b, na v huwa f. Mimi mwenyewe niliambukizwa. Nikienda likizo mama ananiuliza tangu lini nasema "bole" badala ya "pole".

Mkubwa wangu, Mzee Mutisya, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Huyu alikuwa daktari msaidizi, Mkamba aliyekaa Garissa mpaka akawa anagombana na mkewe kwa Kisomali. Alipomaliza kucheka akanipa somo la pili. "Wewe Wakesho unawafungua midomo kama mtu anayenunua punda. Kidonge kinajificha shavuni, chini ya ulimi, kwenye pengo la jino. Usimkague mtu. Mwache aongee. Akishameza, muulize mababu zake."

Nikadhani jua limempata. Lakini mzee alijua asemalo. Msomali hufundishwa ukoo wake angali mtoto: jina la baba, la babu, la babu wa babu, kurudi nyuma mpaka aliyeanzisha kabila. Anaweza kusahau alikoacha viatu, lakini si jina la babu yake wa kumi. Na hakuna atakayekubali kulitafuna vibaya jina la mzee wake kwa ajili ya kidonge. Basi asubuhi zangu zikawa za majina. Mtu anameza, anakunywa maji, anaanza: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Ayeeyo alijaribu siku ya kwanza akiwa na kapsuli shavuni. Alifika kwa babu wa nne kapsuli ikachomoka, ikaanguka mkekani.

"Babu wa tano amekataa," nikamwambia.

"Naa, Sista," akasema, "wewe ni mtoto ya shetani." Akaiokota, akaifuta, akaimeza. Matibabu yake ikabidi yaanze upya.

Mnacheka, na ni sawa mcheke. Lakini niwaambie tulikuwa tunachezea nini. Mzee Mutisya alikuwa na msemo wake: "Kifua kikuu hakiogopi dawa, kinaogopa kalenda." Mgonjwa akimeza miezi miwili hivi, kikohozi hukatika, mashavu hujaa, na moyo humwambia amepona. Hajapona. Wadudu wamelala tu. Akiacha hapo, wanaamka wakiwa wamezoea dawa, na safari ile mara nyingi hatuna tena cha kumpa. Na kwetu kilichoachisha watu dawa kilikuwa kitu kimoja: mvua.

Mvua kwa mfugaji ni mwito. Habari ikifika kwamba kumenyesha mahali fulani, nyasi zinatoka, ngamia wanazaa, hakuna wa kumzuia. Unakuja asubuhi na sinia yako unakuta mifupa ya vibanda tu, mikeka imeshaondoka juu ya lori. Nilisimama langoni na yunifomu yangu iliyopigwa pasi nikawakemea. Nikawatisha kwa kifo, nikawaitia chifu. Walinisikiliza kwa adabu wakapanda lori.

Msimu mmoja aliondoka Nuria. Alikuwa mama kijana aliyelala kibanda kimoja na Ayeeyo, mcheshi, aliyenifundisha kufunga shashi kichwani. Ayeeyo hakuondoka mara ile kwa sababu tu hakuwa na nguvu ya kupanda lori. Nuria alirudishwa baadaye akiwa amelazwa juu ya magunia, mwepesi hivi kwamba nilimbeba peke yangu, na alikufa akiwa ameshika mkono wangu na kuniomba msamaha. Aniombe msamaha mimi! Sikujua niuweke wapi msamaha ule. Jumapili iliyofuata nilikaa kanisani sikuimba wimbo hata mmoja.

Kisha nikaanza kukohoa.

Kwanza nilisema ni vumbi. Nesi akiugua huwa mjinga kuliko mgonjwa wake, liandikeni hilo. Nilisema ni vumbi, nikasema ni feni, nikasema ni moshi wa kuni. Nilitoka jasho la usiku nikasema ni Garissa, nani hatoki jasho Garissa? Sketi zikawa zinazunguka kiunoni zenyewe. Mwishowe Mzee Mutisya aliniwekea kikopo cha makohozi juu ya meza, kama vile mtu anavyowekewa chai. Majibu yalipotoka alinisomea huku akiangalia dirishani.

Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimwambia Mungu waziwazi: nimeacha mama yangu, nimeacha baridi yangu nzuri, nimekuja huku kuwahudumia watu wako, na wewe unanilipa kikohozi? Kwa nini mimi? Kuna manesi wavivu wamejaa tele, wana vifua kama ngoma!

Kanisa letu lilikuwa dogo, watu wa bara tuliokuja kikazi, walimu, askari, makarani. Walikuja kuniombea. Wakaniombea wakiwa mlangoni. Mmoja alinyoosha mkono wa baraka kutoka mbali hivi kwamba ulimbariki jirani. Akaja pia mhubiri mgeni aliyekuwa akipita, akaniambia kuna dhambi iliyofichika, niitafute. Nikaitafuta kweli. Nilikuwa nazo dhambi, kijana ni kijana, lakini nikizipanga zote hazikufika ugonjwa wa mapafu mawili. Marafiki wa Ayubu walipomtembelea walikaa kwanza siku nyingi kimya, na hapo walifanya vizuri sana. Waliharibu walipofungua mdomo.

Mama mwenye nyumba yangu naye akanitolea kitanda nje, kwa upole kabisa, na shuka akaikunja. Nikamfuata Mzee Mutisya. Nikamwambia nipe likizo niende Taita.

"Zahanati ya kwenu ina kapsuli hizi?"

"Haina."

"Na wewe mgonjwa anayetaka kwenda kwao mahali pasipo na dawa huwa unamwambia nini?"

Nilimchukia mzee yule siku hiyo, Mungu anisamehe. Nikabeba godoro langu nikaingia manyatta.

Ningekuwa na akili ningechagua kibanda chochote kingine, lakini nafasi ilikuwa kwa Ayeeyo Habiba, ile aliyoiacha Nuria. Ayeeyo alinitazama nilivyosimama na godoro kichwani. Habari walikuwa wameshazipata zote. Manyatta nzima ilikuwa imetoka nje kutazama. Nilisubiri anicheke.

"Bole, mtoto yangu," akasema. Akanikunjulia mkeka, akanimiminia chai ya maziwa yenye hiliki, akanisukumia kikombe mpaka kikagusa goti langu. Hakusimama mlangoni. Tangu niugue, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuketi karibu nami, na nilikunywa chai ile nikilia ndani ya kikombe.

Msidhani alikuwa malaika. Asubuhi yake nilipoletewa dawa na nesi aliyeshika nafasi yangu, Ayeeyo alimpokonya kazi. Akakaa mbele yangu, wanawake wote nyuma yake kama waliokuja arusini.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Shafu hii. Shafu ile." Akanitia kidole mdomoni, jamani, kidole chenye chumvi! "Sasa mababu."

Nikaanza: Wakesho wa Mwangeka, wa Mwabili, wa... wa... Nikakwama. Kisha kikalipuka kicheko ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya mto Tana. Mababu wawili! Mtu mzima, amesoma, ana saa mkononi, ana mababu wawili! Mama mmoja alinihurumia kweli, akaniuliza kama niliokotwa.

Kesho yake nilikuja nimejiandaa. Kuna ile orodha ya majina ndefu mwanzoni mwa Injili, ile ambayo kanisani tunairuka kwa sababu inachosha. Usiku kucha niliikariri. Nilipomeza nikaanza: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Yuda, nikashuka kwa Daudi na Suleimani, nikaendelea na wengine wasiojulikana hata na mama zao, mpaka kwa Yusufu na Maryamu na Yesu. Wanawake walikuwa wanaitikia kwa vichwa kila jina wanalolijua.

"Hawa ni manabii yetu," Ayeeyo akasema. "Umeiba!"

"Sijaiba. Nilichukuliwa mtoto katika ukoo huo nikiwa mchanga. Kwa maji ya ubatizo."

Akafikiri sana. Kwao pia mtu asiye na watu huweza kuomba kabila jingine limpokee, na akishapokewa hakuna wa kumwambia yeye si wao. "Haye," akasema mwishowe. "Kama wamekukubali, ni sawa. Lakini ukoo kubwa hifyo, mbona wamekuacha uugue?"

Swali langu lilelile, likitoka kwenye mdomo wake uliojaa anjera.

Miezi ile nilijifunza kazi yangu kutoka upande wa chini. Nilijua sasa kwa nini mtu humpa mbuzi dawa. Zile dawa tumboni tupu zilinifanya nitamani kutapika mpaka saa sita. Sindano zilinifanya nikae upande mmoja kama kuku anayeatamia. Viungo viliuma, mkojo wangu mwenyewe ulinitisha. Mimi niliyewaambia watu kwa miaka "meza tu, si ni kidonge!" nilikuwa nakiangalia kidonge kile asubuhi kama adui. Niwashauri nyinyi neno moja la kikazi: msimwambie mgonjwa "si ni kidonge". Mpe kwanza chai iliyopoa aishike mkononi, umuulize alilalaje, ukae. Kukaa ndiyo nusu ya dawa.

Na hapo kwenye kukaa ndipo imani yangu iliponirudia, tena kwa njia ya kuchekesha. Ilikuwa mchana, lile jua la Garissa linalokausha mpaka mawazo. Nimelala mkekani namnung'unikia Mungu, kama kawaida yangu baada ya chakula. Nikamwambia, wewe umekaa juu huko kwenye kivuli, unajua nini kuhusu sindano za matakoni? Nilipolisema hilo nikajisikia aibu ghafla, kwa sababu nilikuwa nimejisema mwenyewe. Mimi ndiye niliyesimama miaka yote mlangoni na sinia, nikisema meza. Yeye hakusimama mlangoni. Yeye aliingia, akazaliwa pabaya, akasikia njaa, akachoka, akapigwa, akalia kwa sauti kwamba ameachwa. Angeweza kuponya kutoka mbali, akatuma dawa kwa basi. Akaja kukaa. Hakuwahi kunieleza kwa nini niliugua, mpaka leo. Lakini kwenye mkeka ule sikuwa nimelala peke yangu, nilimhisi karibu kama nilivyomhisi Ayeeyo, na nilicheka, nikakohoa, Ayeeyo akanirushia kikopo.

Ikaja mvua. Sasa kaeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Kikohozi changu kilikuwa kimekatika wiki kadhaa. Nilikuwa nimenenepa, sketi zimetulia. Ayeeyo naye alikuwa na mashavu, anawafokea watu mpaka upande wa wanaume. Tulikuwa sote mahali pale pa hatari, pa kujiona tumepona, na dawa za miezi bado zimebaki. Asubuhi moja mawingu yakakusanyika, na harufu ikaja, ile harufu ya udongo uliolowa mbali. Manyatta nzima ikanusa. Halafu likaja lori la mifugo kutoka Wajir, na juu yake yuko Abdullahi, mwana wa Ayeeyo.

"Hooyo," akamwambia mama yake kwa Kisomali, "kumenyesha Tarbaj yote. Ngamia wamezaa. Lori linarudi sasa hivi kabla ya barabara kufungwa."

Na kama vile shetani alipanga ratiba, asubuhi hiyohiyo yuko langoni kaka yangu Mwakio, ametoka Taita, ametumwa na mama. Nyumbani alikuwa amepatikana mhubiri wa kuponya. Tayari mtu mmoja wa jirani alikuwa ameombewa, akasimama. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa aache dawa kwanza, awe na imani, kwa sababu Mungu hachangii kazi na hospitali. Mabasi ya kuelekea Nairobi yalikuwa yanaondoka kwa msafara, askari mbele askari nyuma kwa sababu ya majambazi, na ukiukosa msafara umekosa siku.

"Mama halali," Mwakio akasema. "Anasema kama hutakuja, atakuja mwenyewe, na unajua miguu yake."

Niwaambie ukweli? Nilifunga mkoba. Mikono yangu iliufunga kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Nilitaka kwetu. Nilitaka ukungu na viazi na mama yangu anipapase kichwa. Na moyo ukaniambia kwa sauti tamu kabisa, "Si umeshapona?" Mimi, nesi! Maneno yaleyale niliyoyasikia langoni kutoka kwa kila mtu niliyemzika.

Nilipogeuka, Ayeeyo Habiba alikuwa amekaa hajafunga kitu. Ananiangalia. Abdullahi anamvuta mkono, yeye ananiangalia mimi. Na nyuma yake wanawake wengine, mikeka nusu imefunguliwa, mmoja ameshika kamba, wote wameacha wanachokifanya, wananiangalia.

"Sista," Ayeeyo akasema. "Wewe unajua hii ugonjwa. Umesoma kitabu yake. Ukienda, sisi tunajua ilikuwa uongo."

Hakukuwa na chifu wa kumwita, wala yunifomu. Nilikuwa na gauni lililofubaa na mkoba mkononi. Na nilielewa kwamba katika miaka yangu yote ya kazi hii ndiyo mara ya kwanza ninasikilizwa. Nikimeza watameza. Nikipanda basi, wote watapanda lori, na wengi watarudi juu ya magunia.

Niliketi chini. Nikamwambia Mwakio, "Mwambie mama nampenda. Mwambie nitakuja nikimaliza."

"Huna imani?" Mwakio alikuwa karibu kulia. "Wakesho, huna imani wewe?"

"Ninayo. Ndiyo imenikalisha hapa."

Nikaomba dawa zangu za siku ile. Nikameza mbele yao wote, kapsuli nyekundu kwa mkono mmoja, nikashika kichefuchefu kwa mkono wa pili. Ayeeyo hakunikagua mdomo. Alimgeukia mwanawe, akasema kwa Kisomali, polepole, nami nilikuwa nimeshajua Kisomali cha kutosha: "Nenda. Wakamue wewe. Nikifika nitawakuta ngamia wale wale." Abdullahi akabisha. Akatukanwa yeye na lori. Akaondoka amekasirika, na Mwakio akaondoka amekasirika, wote wawili langoni kwa wakati mmoja, wakagongana mabega, wakaombana radhi.

Mama mmoja akafungua kamba. Mwingine akarudisha mkeka juu ya miti.

Mvua ilifika Garissa mchana na haikutuhurumia. Mikeka ilivuja, chai iliingia maji, mbuzi walilala juu ya godoro langu nami nikalala juu ya mbuzi. Watu walimlaani Mutisya, wakanilaani mimi, wakailaani dawa. Asubuhi iliyofuata nilitoka na birika nikapita kibanda hadi kibanda kuhesabu waliobaki, kwa ile hofu ya zamani, na walikuwa wote. Upande wa wanaume pia. Kila kibanda niliinua mkeka nikakuta watu wamelowa, wananuka, wamekunja uso, wapo. Mzee Mutisya alipokuja alisimama langoni na mwavuli, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Nilirudi kwa Ayeeyo nikiwa nimejawa na furaha mpaka naongea ovyo. Nikamwambia, Ayeeyo, siku ile uliniuliza kwa nini ukoo wangu uliniacha niugue. Bado sijui kwa nini. Sidhani Mungu ndiye aliyenitia wadudu. Lakini tazama alichokifanya nao! Nikiwa na yunifomu hakuna aliyebaki. Nimekuja na kikohozi chenu, mmebaki wote.

Nilitegemea atanitania. Alikuwa anakamua maji kwenye shashi yake, akaacha. Akatazama mahali nilipokuwa nalala, nafasi ya Nuria.

"Basi Sista," akasema, na hakuwa anatania, "kwa nini hukuugua zamani?"

Miezi yote ile tulikuwa tunamsumbua Mungu, mimi na kanisa na mama yangu na kaka yangu, tukitaka atuambie kwa nini nimeugua. Ayeeyo Habiba peke yake ndiye aliyetaka kujua kwa nini nilichelewa.